Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuendesha na kutunza pikipiki Nyanda za Juu Kusini

Majibu haya ni ya mtu anayeanza, anayeishi Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe au vijiji vilivyo katikati. Mafunzo mengi ya pikipiki yameandikwa kana kwamba barabara zote ni tambarare na asubuhi zote ni za joto. Huku kwetu kuna milima, baridi, ukungu, na malori ya Zambia na Kongo yanayopita usiku na mchana. Ndiyo maana utakuta breki zimezungumzwa karibu kila mahali. Kuondoka na pikipiki kila mtu atajua ndani ya siku chache, lakini kuisimamisha ukiwa mteremkoni, kwenye lami yenye unyevu, umebeba abiria, kunahitaji kufundishwa.

Sijawahi kushika pikipiki kabisa. Nianze na nini?

Anza injini ikiwa imezimwa. Isukume uwanjani, izungushe, ipandishe na kuishusha kwenye stendi kubwa mpaka uzito wake uuzoee. Hizi za cc 125 na 150 tunazotumia zina kilo 110 na zaidi, na wengi huanguka mara ya kwanza wakiwa wamesimama, si wakiwa mwendoni. Ukiwa unaisukuma, kamata breki ya mbele taratibu, halafu ya nyuma, uone kila moja inafanya nini.

Kisha iwashe. Uliza kwanza mpangilio wa gia, kwa sababu hazifanani: kuna pikipiki ambazo gia zote hukanyagwa mbele, na nyingine ya kwanza iko chini na zilizobaki huinuliwa. Ingiza gia ya kwanza, achia klachi pole pole bila kuvuta resi mpaka uhisi inataka kuondoka, halafu irudishe. Rudia hivyo hadi vidole vijue mahali klachi inaposhika. Baada ya hapo endesha mita kumi na usimame kwenye mstari uliochora chini. Uwanja wa shule siku ya Jumamosi jioni unatosha kabisa. Anayekufundisha awe mtu mvumilivu, asiyekupigia kelele. Ukiweza kulipia shule ya udereva au VETA, fanya hivyo, maana rafiki anayeendesha vizuri mara nyingi hajui kueleza anachofanya.

Nazima kila nikiondoka mlimani. Nakosea wapi?

Unaachia breki mapema. Ukiwa umesimama na gia ya kwanza imeshaingia, mguu wa kushoto uwe chini na wa kulia ukanyage breki ya nyuma. Vuta resi kidogo, achia klachi hadi mlio wa injini ubadilike na kuwa mzito. Hapo pikipiki inajishikilia yenyewe. Sasa ondoa mguu kwenye breki na uongeze resi. Tafuta kilima kifupi kisicho na magari ulifanyie kazi jambo hili mpaka ulizoee. Usilikabili kwa mara ya kwanza ukitoka Ipogolo kupanda Iringa mjini huku nyuma yako kuna daladala inapiga honi.

Nimeambiwa nisiiguse breki ya mbele, nitapinduka. Ni kweli?

Si kweli, na ushauri huo umeumiza watu wengi. Unapofunga breki, sehemu kubwa ya uzito wa pikipiki na wa kwako inahamia mbele. Tairi ya mbele inashika barabara zaidi na ya nyuma inakuwa nyepesi. Kwenye lami kavu, breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi, takribani asilimia 70. Anayetumia ya nyuma peke yake anahitaji umbali mrefu zaidi kusimama, na tairi yake ya nyuma hujifunga, ikaburuzika na kumtupa pembeni.

Wanaopinduka ni wale wanaoikamata ghafla kwa nguvu zote, au wakiwa wamekata usukani. Kamata kwa vidole viwili au vitatu, minya kidogo, subiri kitambo uzito uhamie mbele, ndipo uongeze. Mguu nao ukanyage ya nyuma kwa wakati huohuo. Kwenye tope, changarawe au majani mabichi yaliyomwagika barabarani, punguza ya mbele, tegemea zaidi ya nyuma, na usukani uwe umenyooka.

Na ukumbuke hesabu hii. Ukiwa kilomita 50 kwa saa, kila sekunde unakata mita 14. Ukiwa 80, unakata mita 22. Sekunde moja ni muda ambao mtu wa kawaida hutumia kuona hatari na kuanza tu kusogeza vidole. Kuhusu umbali wa breki zenyewe, kasi ikiongezeka mara mbili umbali unaongezeka mara nne. Vile vibao vya 50 kwenye vijiji vya barabara kuu vina sababu.

Kwenye mteremko mrefu niweke fri (nitoe gia) ili nibane mafuta?

Usifanye hivyo kamwe. Hili ndilo swali ninalolipa uzito kuliko yote hapa.

Ukiwa kwenye gia na umeachia resi, injini inakuzuia. Ukiweka fri, kizuizi hicho kimeondoka na kazi yote inabaki kwenye breki. Pikipiki zetu nyingi zina breki za ngoma, angalau nyuma, na ngoma ikishikwa mfululizo inapata moto. Ikipata moto sana, breki shuu zinateleza: unakanyaga mpaka chini na mwendo haupungui. Mafuta unayookoa kwa njia hiyo ni kidogo mno, wala hayalingani na hatari hiyo.

Kanuni rahisi: shuka kwa gia ileile ambayo ungeitumia kupanda mahali hapo. Ibadilishe kabla mteremko haujaanza, si katikati. Funga breki kwa vipindi: kamata mpaka mwendo upungue vya kutosha, achia zipoe, kamata tena. Ukinusa harufu ya kuungua au ukahisi mkono wa breki umekuwa laini, toka pembeni usimame. Acha zipoe zenyewe, usimwage maji.

Maeneo ya kuchukulia kwa uzito unayajua: Kitonga ukishuka kwenda Ruaha Mbuyuni, Iwambi kuelekea Mbalizi, na ile safari ya kutoka Isyonje, iliyo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kupitia Tukuyu hadi Kyela, ambako ni kama mita 500 tu. Kwenye safari hiyo ya mwisho panga kupumzika njiani hata kama hujachoka. Breki zako zinahitaji kupumzika.

Nifanyeje na malori ya barabara kuu?

Kama huoni vioo vya dereva, jua naye hakuoni. Usikae ubavuni mwa semi, hasa upande wa kushoto karibu na kona. Usijibane kati ya malori mawili yanayoshuka mlima. Lori linapokupita, upepo wake hukusukuma nje na baadaye kukuvuta ndani, kwa hiyo shika usukani imara lakini usikakamae.

Ukiwa mteremkoni ukasikia nyuma yako honi isiyokatika, toka kabisa nje ya lami upande wa kushoto. Usigeuke kwanza kuangalia. Lori lililokatika breki halina la kufanya, lakini wewe una nafasi ya kutoka.

Saitimira zibaki mahali pake. Vijana wengi huzing'oa ili wapenye foleni za Kabwe na Mwanjelwa, na wakiwa barabara kuu hawajui nini kinakuja nyuma yao.

Karatasi gani zinahitajika?

Leseni ya kujifunzia kwanza, mafunzo katika shule ya udereva inayotambulika, kupimwa na askari wa usalama barabarani, kisha leseni yenyewe kutoka TRA. Pikipiki ziko daraja A na vidaraja vyake. Chombo kiwe na kadi ya usajili na bima hai. Ukitaka kubeba abiria kwa malipo, kuna leseni ya usafirishaji chini ya utaratibu wa LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini.

Asubuhi ya Juni na Julai haiwaki kabisa. Injini imekufa?

Mara nyingi haijafa. Petroli haigeuki mvuke kirahisi kwenye baridi, na oili nzito inaifanya injini izunguke kwa shida. Vuta choki, usiguse resi, piga kiki taratibu mara mbili funguo ikiwa imezimwa, kisha washa na upige kiki kwa nguvu. Ikiwaka, iache ingurume kama dakika moja, rudisha choki kidogo kidogo, na uendeshe kwa upole kilomita ya kwanza. Choki ikisahaulika wazi, plagi itajaa masizi na pikipiki itakunywa mafuta.

Stata ya umeme ikilia kwa unyonge, usiing'ang'anie hadi betri iishe. Tumia kiki.

Nimenunua pikipiki Dar. Imefika Mbeya inatoa moshi mweusi na haina nguvu. Nimeuziwa mbovu?

Huenda ni nzima. Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takribani asilimia 15. Kabureta iliyopangwa Dar inaendelea kutoa petroli ileile wakati hewa imepungua. Mchanganyiko unazidiwa na mafuta, hauungui wote, na unabaki kuwa masizi.

Fungua plagi uitazame. Rangi ya kahawia iliyofifia ni nzuri. Nyeusi na kavu ni mafuta mengi. Nyeusi yenye unyevu wa oili ni tatizo jingine, huenda ringi za pistoni zimechoka. Nyeupe ni mafuta machache, na hiyo huipasha injini joto. Kabla ya kumlaumu aliyekuuzia, safisha filta ya hewa, kwa sababu filta iliyoziba huleta dalili hizohizo. Kisha mwone fundi aangalie kabureta. Skrubu ya nje hurekebisha zaidi mngurumo wa taratibu. Ukiwa na kasi, kinachoamua ni jeti iliyo ndani, yaani kile kitundu kinachopitisha petroli.

Upungufu kidogo wa nguvu utabaki hata baada ya kurekebisha, kwa sababu hewa yenyewe ni haba. Ukipunguza sana mafuta ili ipande vizuri Mbeya, ukishuka Kyela mchanganyiko utakuwa mkavu kupita kiasi. Pikipiki zisizo na kabureta, zinazopuliza mafuta kwa mfumo wa kompyuta, hujirekebisha zenyewe.

Oili nibadilishe lini, na ipi?

Pikipiki mpya hubadilishwa oili mapema sana, kwa kawaida kati ya kilomita 500 na 750, kwa sababu vyuma vipya vinaachia chembe wakati vinazoeana. Usiiache hiyo ya kwanza ikae muda mrefu. Baada ya hapo fuata kitabu cha pikipiki yako. Kama kazi yako ni kupanda milima na mzigo kila siku, mimi ningebadilisha kila kilomita 2,000 hata kama kitabu kinaruhusu zaidi. Andika namba ya kilomita kwenye kipande cha plasta ukibandike chini ya kiti.

Aina inayotumika sana ni 20W-50 ya injini za four stroke, karibu lita moja. Hakikisha ni ya pikipiki. Pikipiki nyingi zina klachi inayoogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini, na baadhi ya oili za gari zina dawa za kupunguza msuguano zinazofanya klachi iteleze. Tafuta alama ya JASO MA kwenye chupa.

Kupima: simamisha kwenye stendi kubwa mahali tambarare, iwashe dakika chache, izime, subiri oili ishuke, ndipo usome kijiti au kioo kidogo cha pembeni. Ukipima ikiwa imelalia stendi ya pembeni utadanganyika. Pima kila wiki. Injini nyingi zinazokufa huku hazikufa kwa uzee, zilikaushwa oili na mtu aliyekuwa anajaza petroli kila siku bila kukumbuka upande wa pili.

Cheni inapiga kelele. Niikaze?

Ipime kwanza. Bonyeza katikati ya cheni upande wa chini: pikipiki nyingi zinataka icheze sentimita 2.5 hadi 3.5. Zungusha gurudumu upime sehemu kadhaa, kwa sababu cheni iliyochakaa hulegea upande mmoja na kukaza upande mwingine. Iliyolegea sana inaweza kuruka na kufunga gurudumu la nyuma ukiwa mwendoni. Iliyokazwa sana hula beringi na spoketi, hasa shokapu zikibonyea kwa mzigo.

Unapokaza, legeza nati ya ekseli, vuta pande zote mbili sawasawa ukifuata alama zilizochongwa, kisha kaza tena ekseli kwa nguvu. Halafu fanya jambo ambalo karibu kila anayeanza hulisahau: rekebisha breki ya nyuma. Gurudumu likirudi nyuma, fimbo ya breki inavutika, na unaweza kuondoka na breki inayoburuza bila kujua.

Usipake oili chafu iliyotoka kwenye injini. Ina chembe za chuma na inasaga cheni polepole. Oili ya gia namba 90 inafaa, ipakwe kidogo cheni ikiwa safi. Meno ya spoketi yakishakuwa membamba na yamepinda upande mmoja, badilisha cheni na spoketi zote kwa pamoja.

Kila asubuhi nikague nini?

Breki, kwa kusukuma pikipiki na kukamata moja baada ya nyingine. Tairi, kwa macho na kwa mkono, ukitafuta msumari na mipasuko. Cheni. Taa ya mbele, ya nyuma na ile ya breki. Indiketa, honi. Chungulia chini kama kuna tone la oili au petroli. Haichukui hata dakika tatu.

Kwenye ngoma za breki tazama ule mshale mdogo ulio kwenye mkono wa breki: ukikanyaga na mshale ukapita alama, shuu zimekwisha, na kukaza nati tu hakutoshi.

Upepo wa tairi uwe kiasi gani?

Pikipiki nyingi ziko karibu psi 25 mbele na 28 nyuma ukiwa peke yako, na 32 au zaidi nyuma ukiwa na abiria. Namba kamili iko kwenye kitabu au kibandiko cha pikipiki yako. Pima tairi ikiwa baridi. Kubonyeza kwa kidole gumba si kupima.

Ukungu na mvua je?

Mvua zetu huanza karibu Novemba au Desemba hadi Aprili, na ukungu wa Isyonje, Njombe na Makete hausubiri mvua. Hatari zaidi ni dakika za mwanzo za mvua baada ya kiangazi kirefu: vumbi na oili vinachanganyika na maji, lami inateleza kama sabuni. Simama unywe chai mpaka barabara ioshwe.

Kwenye ukungu washa taa ya chini, ile ya juu inakurudishia mwanga machoni. Vaa rifleksa. Kama unaona mita chache tu, usijiweke kwenye mwendo unaohitaji mita nyingi kusimama. Kwenye njia za tope za mashamba ya viazi, gia ya pili, resi isiyobadilikabadilika, macho yatazame mbali badala ya kutazama tairi.

Kofia ngumu ya bei rahisi inatosha?

Kofia ngumu iliyo bora na iliyofungwa mkanda hupunguza uwezekano wa kufa kwa mwendesha pikipiki aliyepata ajali kwa takribani asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa takribani asilimia 69. Iliyowekwa juu ya kichwa bila mkanda hutangulia kuruka. Ikubane mashavu bila kuumiza, isizunguke ukitikisa kichwa. Ikishagongwa vibaya, nunua nyingine hata kama huoni ufa. Sheria inataka abiria naye avae.

Glavu kwa huku si urembo. Asubuhi ya Makete au Mafinga vidole vinakufa ganzi, na mkono wenye ganzi hauhisi breki. Koti linalozuia upepo, suruali nzito, viatu vinavyofunika vifundo. Ndala ziache nyumbani.

Naweza kubeba watu wawili, au gunia?

Mishikaki hapana, hata kwa mita mia moja. Kuhusu mzigo, gunia la lumbesa lililofungwa juu na nyuma linainua gurudumu la mbele, na gurudumu la mbele likiwa jepesi usukani na breki yako kuu vyote vinapungua nguvu. Funga mzigo chini na karibu na wewe, ongeza upepo wa nyuma, na usianze kubeba abiria mpaka umeendesha peke yako miezi kadhaa.

Vifaa gani niwe navyo?

Spana ya plagi, spana namba 10, 12, 14 na 17, bisibisi ya bapa na ya msalaba, plaizi, plagi ya akiba, kipima upepo, waya laini na tochi. Fundi utaendelea kumhitaji. Simama karibu naye akifanya kazi, uliza, na omba uoneshwe spea ya zamani iliyotolewa.

Nikikuta mwenzangu ameanguka?

Zuia magari kwanza, weka matawi barabarani pande zote mbili, mbali vya kutosha. Kama anapumua, usimvue kofia ngumu wala usimkunje kumpakia kwenye pikipiki nyingine, shingo inaweza kuwa imeumia. Panapotoka damu nyingi kandamiza kwa kitambaa bila kuachia. Piga 112. Fomu ya PF3 ya polisi itafuatiliwa, lakini maisha yake yanatangulia.

Nitajuaje kama niko tayari kuingia barabara kuu?

Uweze kusimama kwa breki zote mbili kutoka kilomita 40 kwa saa bila tairi kuburuzika, mara kadhaa mfululizo. Uweze kuondoka mlimani bila kurudi nyuma. Uweze kubadilisha gia bila kutazama mguu, na kuangalia saitimira bila pikipiki kuyumba. Ukishaweza hayo, chagua Jumapili asubuhi, siku kavu, jua likishapanda. Kwa Mbeya, Uyole hadi Igawilo na kurudi panatosha kwa mara ya kwanza. Kwa Iringa, barabara ya Dodoma kutoka Kihesa. Mtu mwenye uzoefu akufuate nyuma na pikipiki yake, asikutangulie, ili wewe ndiye uamue mwendo.